Nauli ya Mjumbe: Mwandishi wa Habari wa Wilayani katika Tarime na Serengeti

Utangulizi

Wahenga wetu walituachia neno kwamba mjumbe hauawi. Ni neno la hekima, kwani jamii imwuayo mletaji wa habari hujipofusha yenyewe. Hata hivyo neno hilo lina pengo. Linatuambia jambo ambalo mjumbe asitendewe, lakini halituambii ni nani amlishe njiani, ni nani alipe chombo cha kumvusha mto, wala ni nani awatunze watoto wake siku atakapoleta habari isiyopendwa. Katika makala haya nakusudia kulichunguza pengo hilo kwa kuitazama historia ya mjumbe wa aina moja, yaani mwandishi wa habari aishiye wilayani, na hasa yule wa Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara.

Nimezichagua wilaya hizi mbili kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu chache za nchi yetu zenye habari nyingi na nzito kama sehemu hizi. Kuna mpaka wa nchi, dhahabu, hifadhi ya wanyama ijulikanayo duniani kote, mifugo, na mila zinazobishana na sheria. Pili, wilaya hizi ziko mbali na mitambo ya uchapaji na studio za redio za Dar es Salaam. Basi habari iliyozaliwa huko imehitaji siku zote mtu wa kuisafirisha, na mtu huyo amehitaji nauli. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika kila enzi, yule aliyelipa nauli ya mjumbe ndiye aliyeamua habari ifike wapi na ifike na sura gani.

Nchi yenyewe na wajumbe wake wa kale

Wilaya ya Tarime iko mpakani mwa Tanzania na Kenya, na mji wa Sirari ndio lango la barabara kuu itokayo Mwanza kwenda nchi jirani. Hadi mwaka 2007 Tarime ilikuwa pamoja na eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Rorya, kando ya Ziwa Victoria. Wilaya ya Serengeti makao yake ni Mugumu, na sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa na mapori yanayoizunguka. Kati ya wilaya hizi mbili hupita Mto Mara. Wakazi wake ni Wakurya wa koo nyingi, Wajaluo, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo.

Watu hawa hawakungoja gazeti ili wapashane habari. Wakurya walikuwa na mkutano wa hadhara uitwao iritongo, ambamo mambo ya ukoo yalisemwa waziwazi mbele ya watu wote. Walikuwa pia na baraza la wazee liitwalo inchama, ambalo mashauri yake yalikuwa ya siri. Kwa hiyo tangu kale jamii hii ilijua tofauti ya habari ya wote na habari ya wachache, na ilijua kwamba mwenye kuitoa habari ya inchama kuipeleka nje alitenda jambo kubwa. Mwandishi wa leo anayeishi Tarime amerithi mipaka hiyo miwili, apende asipende.

Kulikuwa pia na mpiga litungu, zeze kubwa la nyuzi nane. Huyu alikwenda penye arusi, penye sherehe za tohara na penye mavuno, akaimba juu ya mashujaa na waoga, juu ya ng'ombe waliotekwa na waliorudishwa, juu ya mzee karimu na mzee bahili. Alikuwa msanii, lakini alikuwa pia mweneza habari. Malipo yake yalikuwa chakula, pombe na zawadi za mwenye shughuli. Basi si ajabu kwamba mwenye shughuli alisifiwa. Tusimlaumu mpiga litungu kwa hilo, maana kila msikilizaji alijua ni nani aliyemwalika na ni pombe ya nani aliyokunywa. Aliyemlipa alikuwa ameketi mbele ya macho ya watu. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo lililopotea baadaye.

Enzi ya ukoloni: kalamu ya kujitolea

Magazeti ya Kiswahili yalianza pwani na katika vituo vya misheni. Msimulizi lilitolewa na misheni ya Universities' Mission kuanzia mwaka 1888, na baada yake yakaja mengine ya misheni na ya Serikali ya Wajerumani. Gazeti lililofika bara kwa upana zaidi lilikuwa Mambo Leo, lililoanzishwa na Serikali ya Waingereza mwaka 1923. Ndani yake zilitoka habari za miji na wilaya, zilizoandikwa na walimu, makarani na watu wengine waliojua kusoma na kuandika.

Wajumbe hawa hawakuwa na mshahara wa uandishi. Mwalimu alimaliza kusomesha, akachukua kalamu, akaandika juu ya mvua, nzige, mazao, shule mpya au ziara ya Gavana, akaitia barua yake posta. Malipo yake yalikuwa heshima ya kuliona jina lake limepigwa chapa. Ni lazima tukiri kwamba utaratibu huu ulijenga mambo mawili mema. Ulikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kuandikia mambo ya nyumbani hata kwa watu ambao lugha yao ya mama ilikuwa nyingine, na ulizoesha watu wa bara kujiona kuwa ni sehemu ya nchi moja. Lakini ulikuwa na mpaka usioandikwa. Mwalimu aliyelipwa na misheni au karani aliyelipwa na Serikali hakuweza kuandika lililomwudhi bwana wake. Nauli yake ilikuwa mshahara wa kazi nyingine, na mwenye mshahara huo alikuwa ndiye mhariri wa kwanza.

Waliovuka mpaka huo walilipa gharama. Mwaka 1958 wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka huohuo Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika nchi hii hii ya Mara, alishtakiwa kwa maandishi yaliyotoka katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama kilichochapwa kwa mashine ya kurudufu. Maandishi hayo yaliwahusu Mabwana Shauri wawili wa wilayani. Alitakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi 6, naye akalipa. Watu wengi huikumbuka kesi ile kama tukio la siasa, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini tukiitazama kwa jicho la makala haya, tutaona kwamba ilikuwa pia kesi ya habari za wilayani. Kilichoiudhi Serikali ya kikoloni hakikuwa maneno juu ya Uhuru kwa jumla, bali maneno juu ya matendo ya maofisa fulani katika wilaya fulani. Habari ya karibu ndiyo ichomayo.

Baada ya Uhuru: mjumbe wa Taifa

Uhuru ulipopatikana, Taifa lilikuwa na kazi kubwa ya kujijua. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Serikali ilichukua jukumu la habari mikononi mwake. Redio ilifanywa kuwa idara ya Serikali mwaka 1965 kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Gazeti la Standard lilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist likawa Daily News. Idara ya Habari ilikuwa na magari ya sinema yaliyozunguka vijijini, na watu wazima wengi wa Mara waliiona picha ya kwanza ya maisha yao katika kitambaa cheupe kilichotundikwa usiku uwanjani.

Mikoa ya Ziwa ilipata bahati ya pekee. Kuanzia mwaka 1968 mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa kutoka Mwanza kwa ajili ya mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Ilidhihirika upesi kwamba mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma husahau. Ndipo mwaka 1974 likazaliwa huko Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa msaada wa UNESCO na Norway. Lilikuwa gazeti la wasomaji wapya, lenye herufi kubwa na lugha nyepesi, likazungumza juu ya pamba, maji, afya na maisha ya kijijini. Mkulima wa Mara aliyelipokea alisoma habari za watu waliofanana naye, nayo haikuwa imesafiri kwanza hadi Dar es Salaam ili irudi.

Hatua nyingine kubwa ilikuwa kuundwa kwa Shirika la Habari Tanzania, yaani Shihata, kwa sheria ya mwaka 1976. Shihata lilikuwa na waandishi mikoani. Kwa mara ya kwanza mwandishi wa mkoani alikuwa mtumishi kamili, mwenye ofisi, mshahara na pensheni. Chuo cha Uandishi wa Habari kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam mwaka 1975, na karibu zaidi na Mara, kituo cha Kanisa Katoliki cha Nyegezi, Mwanza, kilifundisha uandishi pia. Kituo hicho ndicho kilichokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998.

Tusiidharau enzi hii. Ni enzi pekee katika historia yetu ambayo nauli ya mjumbe wa mkoani ilikuwa imeandikwa katika bajeti ya Taifa. Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Ofisi ilikuwa mkoani, yaani Musoma, si Tarime wala Mugumu. Kabla ya daraja la Kirumi kujengwa, mtu atokaye Musoma kwenda Tarime alingoja kivuko cha Mto Mara. Mwandishi asiye na gari lake alifika wilayani katika msafara wa kiongozi, na msafara ulipoondoka naye aliondoka. Matokeo yake yalionekana magazetini. Habari nyingi za wilayani zilikuwa za hotuba: kiongozi fulani amewataka wananchi wafanye jambo fulani. Neno la kiongozi lilisafiri bure, lakini jibu la mwananchi lilikosa nauli.

Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, familia nyingi zilihamishwa na kuyaacha mahame, makaburi ya wazee na miti ya matambiko. Magazeti yalitueleza idadi ya vijiji vilivyoanzishwa. Maneno ya bibi aliyeyaacha makaburi ya wazee wake yalisubiri watafiti wa historia miaka mingi baadaye. Mwandishi wa wakati ule hakuwa mwongo. Aliandika kile ambacho gari alilopanda lilimfikisha.

Serengeti ya dunia na Serengeti ya wenyeji

Kuna jambo linaloonyesha tofauti ya nauli kuliko maelezo yoyote. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakahesabu wanyama na kupiga picha za sinema. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar, na tangu hapo jina la Serengeti likawa neno la kila lugha. Wametoka wengine wengi baada yao wenye ndege, kamera na fedha za miezi mingi.

Sisemi haya kwa kuwaonea kijicho. Kazi yao iliisaidia hifadhi. Lakini dunia iliyomjua kila nyumbu anayevuka Mto Mara haikumjua mkulima wa kijiji cha jirani ambaye tembo walilala katika shamba lake la mtama. Wa kuandika habari za mkulima huyo alikuwa mwandishi wa Mugumu, na mwandishi wa Mugumu hakuwa na ndege. Hakuwa hata na pikipiki. Barabara ya kutoka Makutano kupita Natta hadi Mugumu ilichukua miaka mingi kuwekwa lami, na ile ya Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamongo nayo ilibaki ya vumbi kwa muda mrefu. Basi Serengeti ikawa na sura mbili: ya wanyama iliyolipiwa na dunia, na ya watu ambayo haikuwa na mlipaji.

Baada ya 1992: mjumbe wa kujitegemea

Mwaka 1992 nchi ilirudi katika mfumo wa vyama vingi, na mlango wa magazeti na redio za watu binafsi ukafunguliwa. Magazeti yaliongezeka, na baadaye redio za mikoani na za jamii zikaanzishwa, hata katika Mkoa wa Mara wenyewe. Shihata lilivunjwa mwaka 2000. Sauti zikawa nyingi, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini katika mabadiliko hayo kitu kimoja kilianguka bila kelele: nauli ya mjumbe ilitoka katika bajeti na haikuingia mahali pengine.

Mwandishi wa wilayani wa enzi hii ameitwa mwandishi wa kujitegemea. Jina ni zuri, lakini mara nyingi maana yake imekuwa kwamba hana mkataba. Hulipwa kwa kila habari iliyochapwa au kutangazwa, na isiyochapwa hailipwi, hata kama imemgharimu siku nzima ya safari. Kabla ya simu za mkononi kuenea, alipeleka karatasi zake na mkanda wa picha kwa basi hadi Musoma au Mwanza, naye akilipa. Simu zilipokuja, gharama ya njia ilipungua, lakini gharama ya kufika penye habari ilibaki palepale. Mtu wa Mugumu bado alipaswa kufika kijijini, kulala, kula, na kurudi.

Hapo ndipo ilipoingia bahasha. Taasisi ikiwa na semina au uzinduzi, iliwaita waandishi na kuwapa posho ya nauli na chakula. Kiongozi akiwa na ziara, alitoa nafasi katika gari lake. Wengi wamewalaumu waandishi kwa tabia hii, na ni kweli kwamba maadili ya kazi huikataza. Lakini lawama isiyotazama chanzo haiponyi. Mwandishi akiwa na habari mbili siku moja, moja ya mkutano wenye posho na nyingine ya kijiji kilichokosa maji, ambayo itamtoa nauli mfukoni mwake bila hakika ya kulipwa, tumeshajua ni ipi itakayoandikwa. Wala hapahitajiki mtu wa kumkataza lile la pili. Umaskini humkataza.

Tukumbuke sasa mpiga litungu. Naye alilishwa na mwenye shughuli, lakini wasikilizaji walimwona mlishaji. Msomaji wa gazeti hamwoni. Husoma habari ya mradi mzuri bila kujua kwamba mwenye mradi ndiye aliyelipa safari.

Ugumu wa kuandika nyumbani

Kuna jambo moja ambalo wahariri wa mijini hulisahau. Mwandishi atokaye Dar es Salaam huandika habari ya Tarime kisha huondoka. Mwandishi wa Tarime huandika habari hiyo kisha hulala humohumo. Asubuhi atakutana sokoni na aliyemwandika. Naye ni mtu wa ukoo. Yalipotokea mapigano ya koo kwa sababu ya ng'ombe au ardhi, kila neno lake lilipimwa kwa jina la babu yake. Akiandika juu ya ukeketaji, jambo lililokatazwa kwa watoto wa kike walio chini ya miaka 18 na sheria ya mwaka 1998, aliweza kuambiwa na shangazi zake mwenyewe kwamba amewauza. Hata hivyo habari za wasichana waliokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu zilifika katika Taifa kwa sababu waandishi wa mkoani walizifuata msimu baada ya msimu.

Habari za dhahabu nazo zilikuwa na uzito wake. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, katikati ya vijiji vya Nyamongo. Mwaka 2009 maji yenye sumu yalivuja kuingia Mto Tigithe. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua 5 waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya Serikali ikasema kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, nao wananchi wengi wakatia shaka. Katika mambo kama haya Taifa huhitaji mtu aishiye kando ya mto, aliyeuona jana na juzi, anayejua maji yalikuwa na rangi gani mwaka jana. Mtu huyo ni mwandishi wa wilayani. Kila mara alipokosa nauli, ubishi wa Taifa ulikosa shahidi.

Hatari nyingine ni ya maisha yenyewe. Siyo Mara peke yake, bali mikoa yote ina kumbukumbu yake. Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwakilishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa kazini katika kijiji cha Nyololo, Mufindi. Askari polisi mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016 kwa kifo hicho. Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi huko Kibiti, alitoweka. Wote wawili walikuwa wajumbe wa mikoani. Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Lakini mjumbe asiye na mkataba, bima wala gari la ofisi yake huwa peke yake njiani, na aliye peke yake ni rahisi kudhuriwa.

Wajibu wa Serikali na mipaka yake

Je, Serikali imefanya nini? Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Sheria hiyo ilivitaka vyombo vya habari viwawekee watumishi wao bima na hifadhi ya jamii, na ilianzisha mfuko wa mafunzo. Hayo ni mema. Lakini neno mtumishi ndilo lenye mtego. Asiye na mkataba si mtumishi, na waandishi wengi wa wilayani hawakuwa na mkataba. Tena kanuni zake zilimtaka mwandishi awe na stashahada. Elimu ni ngao, hakuna abishaye. Lakini mtu alipwaye kwa habari moja moja atapata wapi karo na miaka miwili ya kukaa chuoni? Sheria hiyo pia ilikuwa na vifungu vya adhabu ambavyo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika hukumu ya Machi 2019, iliona vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho kadhaa yakafanywa mwaka 2023. Kwa maneno mengine, mkono mmoja ulinyoosha mkate na mwingine ulishika fimbo.

Waandishi wenyewe hawakukaa bure. Klabu za waandishi za mikoa, pamoja na ile ya Mara yenye makao Musoma, zimewapa wanachama mahali pa kukutana, mafunzo, na sauti ya pamoja mwenzao anapokamatwa. Kuanzia mwaka 2008 Mfuko wa Habari Tanzania, uliotegemea wafadhili wa nje, ulitoa ruzuku kwa waandishi ili waende vijijini na kukaa huko hadi habari iive. Kwa muda tuliona habari za aina ambayo posho ya semina haiwezi kuzaa. Jaribio lile lilithibitisha jambo moja: mjumbe akilipiwa nauli na mtu asiye na haja na habari yenyewe, huleta habari iliyo kamili.

Kutoka hapo twaweza kujifunza namna bora ya Serikali kusaidia. Norway, nchi ileile iliyosaidia gazeti la Elimu Haina Mwisho, ilianza mwaka 1969 kutoa ruzuku kwa magazeti yake, na Uswidi ikafuata mwaka 1971. Shabaha ilikuwa kuyaokoa magazeti madogo na ya mikoani yasife. Ruzuku hugawiwa kwa vipimo vilivyowekwa na sheria, na waziri haulizi gazeti limemsifu au limemkosoa. Hatuna utajiri wao, lakini kanuni hiyo haihitaji utajiri. Inahitaji kwamba fedha za wananchi zilipie safari, mafunzo, bima na ulinzi wa mwandishi, na zisinunue habari. Kiti katika gari la Mkuu wa Wilaya ni msaada, lakini ni msaada unaochagua njia. Mfuko wenye bodi huru na vipimo vya wazi humwachia mjumbe achague njia mwenyewe.

Wamiliki wa vyombo vya habari nao wasijifiche nyuma ya Serikali. Anayeuza gazeti kwa habari ya Nyamongo na asimpe mkataba aliyeiandika anavuna shamba asilolilima.

Hitimisho

Tumeona safari ndefu. Mpiga litungu alilishwa na mwenye shughuli mbele ya watu wote. Mwalimu wa enzi ya Mambo Leo aliandika kwa heshima, akiogopa mwenye mshahara wake. Mwandishi wa Shihata alilipwa na Taifa, lakini alifika pale msafara ulipofika. Mwandishi wa kujitegemea alipata uhuru wa kwenda popote, akakosa cha kumpeleka. Katika vipindi vyote hivi wananchi wa Tarime na Serengeti hawakukosa la kusema. Walikosa aliyelipiwa kuja kuwasikiliza.

Utamaduni wa Taifa si ngoma na mavazi peke yake. Ni pamoja na namna watu wanavyoambiana ukweli. Taifa linalotaka kujijua halina budi kumlisha mjumbe wake kwa mkono ulio wazi, mkono ambao kila mtu anauona, na kisha likubali kusikia atakalorudi nalo. Tukilifanya hilo, tutakuwa tumelikamilisha neno la wahenga: mjumbe hauawi, wala hauzwi, wala haachwi na njaa njiani.